Milingoti Bandarini: Merikebu, Mizinga na Majina Yaliyopotea, 1696–1914

Picha hiyo imo katika albamu nyingi za familia zetu, Maskat, Dubai na hata London. Ni bandari ya Unguja mwishoni mwa karne ya 19. Nyuma unaonekana mji, mbele kuna madau na mashua, na katikati, mahali pasipo na chombo chochote, milingoti mitatu imechomoza majini. Ukimuuliza mzee aliyekulia Unguja ni nini ile, hujibu kwa neno moja: Glasgow. Ni merikebu ya Sultani iliyozamishwa tarehe 27 Agosti 1896. Mabaki yake yalikaa pale miaka 16, hadi yalipoondolewa mwaka 1912.

Vita vya siku ile vinajulikana duniani kwa jambo moja tu, nalo ni ufupi wake. Vitabu vya maajabu huvitaja kuwa vita vifupi kuliko vyote, dakika 38 kwa hesabu inayorudiwa zaidi, na msomaji hutabasamu akafungua ukurasa mwingine. Sisi tusitabasamu haraka hivyo. Dakika zile 38 zilitengenezwa kwa muda wa miaka 60. Dola iliyozaliwa na merikebu ilikuwa imekwisha kuvuliwa merikebu zake kabla mzinga wa kwanza haujalia.

Dola iliyokuja na kaskazi

Tuanze Mombasa. Wareno walianza kujenga ngome yao pale mwaka 1593. Mwaka 1650 Maimamu wa Ya'ariba waliwatoa Wareno Maskat, na merikebu walizowanyang'anya zikawa mbegu ya jeshi lao la majini. Watu wa Mombasa, waliochoshwa na utawala wa Kireno, waliomba msaada huko, na mwezi Machi 1696 majeshi ya Imamu Seif bin Sultan yakatia nanga. Ngome ilizingirwa mpaka Desemba 1698, miezi 33.

Mazingiwa marefu namna ile hayawezekani bila ya bahari. Kaskazi ilileta watu na zana kutoka Oman, na msimu uliofuata ukaleta wengine. Wareno nao walileta msaada kutoka Goa. Merikebu yao mojawapo, Santo António de Tanná, ilizama chini ya kuta za ngome mwaka 1697. Wazamiaji walipoichunguza kati ya 1977 na 1980 walitoa vitu vingi ambavyo leo vimo katika makumbusho ya ngome hiyohiyo. Ndani ya kuta maradhi yaliua zaidi kuliko risasi. Tukumbuke pia kwamba haikuwa vita ya Mwarabu na Mzungu peke yao: Waswahili walikuwa pande zote mbili, na Bwana Daud wa Faza alikuwa ndani ya ngome na watu wake, upande wa Wareno.

Kutoka hapo mwenye merikebu ndiye aliyekuwa na kauli katika pwani hii. Hakuna aliyelijua hilo kuliko Seyyid Said bin Sultan, aliyetawala kutoka 1806 hadi 1856. Merikebu zake kubwa zilijengwa Bombay kwa msaji wa Kihindi. Liverpool, iliyoshushwa majini mwaka 1826, ilikuwa na mizinga 74, na mwaka 1828 alikwenda nayo Mombasa kuwakabili Mazrui. Sultanah, iliyojengwa mwaka 1833, ilifika New York tarehe 30 Aprili 1840 chini ya Ahmad bin Na'aman, ikiwa imepakia tende, kahawa, pembe za ndovu, karafuu na ngozi. Merikebu ya vita ilikuwa pia merikebu ya biashara. Mzinga ulilinda shehena, na shehena ikaulipia mzinga.

Nguvu hiyo ilikuwa na mpaka wake, na mpaka ulikuwa kina cha maji. Katika miaka ya 1840 majeshi ya Seyyid Said yalishindwa Siyu na watu wa Bwana Mataka. Huko mikoko na mikono ya bahari yenye maji machache huizuia merikebu kubwa kuusogelea mji. Baharia wa Lamu angeweza kumweleza hivyo mapema.

Jinsi zilivyokwisha

Mwaka 1836 Seyyid Said aliitoa Liverpool zawadi kwa Mfalme William IV wa Uingereza. Waingereza wakaiita Imaum. Yeye akapewa chombo cha anasa cha kifalme, Prince Regent, ambacho hakikumfaa kwa vita, naye akakitoa kwa mwingine. Wapo wanaolisoma jambo hilo kama ukarimu tu. Kwa mtawala aliyejua hesabu lilikuwa pia bei ya urafiki: alimpa rafiki mwenye nguvu mzinga wake mkubwa kwa kutumaini kwamba hatauhitaji tena.

Seyyid Said alifariki baharini Oktoba 1856, njiani kutoka Maskat kuja Unguja. Wanawe wakagombana, na mwaka 1861 Lord Canning, mwakilishi wa Uingereza nchini India, akahukumu: Thuwaini abaki Maskat, Majid abaki Unguja, na Unguja ilipe Maskat riali 40,000 kila mwaka. Dola moja yenye bandari mbili ikawa dola mbili, na hakuna kati yao iliyoweza tena kubeba gharama za jeshi kubwa la majini.

Kisha tarehe 15 Aprili 1872 tufani iliipiga Unguja. Iling'oa mikarafuu, ikavunja nyumba, ikazivunja merikebu za Seyyid Barghash zilizokuwa bandarini. Mwaka uliofuata Sir Bartle Frere alikuja kutaka biashara ya watumwa baharini ipigwe marufuku. Barghash alikataa kwanza, kisha Waingereza wakatishia kuzuia bandari kwa manowari, naye akatia sahihi tarehe 5 Juni 1873. Tusifiche katika jarida letu wenyewe: biashara ile ilikuwa dhuluma, na kukoma kwake kulikuwa haki. Lakini mtawala hakuachiwa njia ya kuifanya haki hiyo iwe yake. Aliifanya akiwa amekabwa, na bila merikebu hakuwa na la kujibu.

Barghash alijaribu tena. Glasgow ilijengwa Scotland mwaka 1878, merikebu nzuri ya mvuke na matanga, ya kusafiria Sultani na ya heshima. Kwa vita haikutosha. Agosti 1885 manowari tano za Kijerumani zilitia nanga mbele ya kasri yake, mizinga ikielekea mjini, ili akubali madai yao ya bara. Akakubali. Mwaka 1890 Unguja yenyewe ikawa chini ya himaya ya Uingereza.

Saa tatu na dakika mbili

Tukiitazama njia hii yote, asubuhi ya 27 Agosti 1896 haitushangazi tena. Siku mbili nyuma Seyyid Hamad bin Thuwaini alikuwa amefariki, na Seyyid Khalid bin Barghash akaingia kasri bila ya ridhaa ya balozi mdogo wa Kiingereza. Watu wapatao 2,800 walikusanyika kumlinda: askari, watumishi, watumwa wa nyumbani na raia wa kawaida. Walikuwa na bunduki za rashasha, mizinga miwili ya nchi kavu aliyoitoa zawadi Kaisari wa Ujerumani, na mzinga wa shaba wa karne ya 17. Mzinga huo wa shaba ulikuwa wa enzi moja na mazingiwa ya Mombasa.

Mbele yao zilikuwa manowari tano za Admeri Rawson: St George, Philomel, Racoon, Thrush na Sparrow. Muda waliopewa ulikwisha saa tatu asubuhi, na saa tatu na dakika mbili mizinga ikaanza. Glasgow iliipiga St George kwa mizinga yake midogo, ikajibiwa, ikazama palepale kwenye nanga yake. Mabaharia wake walipandisha bendera ya Kiingereza kuonyesha kwamba wamesalimu amri, wakaokolewa kwa mashua. Kasri iliungua. Upande wa Khalid watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja.

Khalid alikimbilia ubalozi wa Ujerumani, na Oktoba manowari ya Kijerumani ikampeleka Dar es Salaam.

Bandari ileile, nanga ileile

Miaka 18 baadaye bahari iliwageukia wenye nguvu. Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kiingereza Pegasus ilikuwa imetia nanga Unguja ikitengenezwa mitambo, haina mvuke wa kuondokea. Manowari ya Kijerumani Königsberg ikatokea na kuipiga kutoka mbali, mahali ambapo mizinga ya Pegasus haikufika. Waingereza 38 walikufa na 55 wakajeruhiwa. Pegasus ikazama katika maji yaleyale yaliyokuwa yameondolewa milingoti ya Glasgow miaka miwili tu nyuma. Chombo kilichofungwa kwenye nanga mbele ya mzinga mrefu zaidi hakina bendera ya kukiokoa, iwe nyekundu ya Sultani au ya mfalme wa Uingereza.

Königsberg nayo ilijificha katika delta ya Rufiji, ndani ya mikoko. Kilichowasaidia watu wa Siyu kikawasaidia Wajerumani kwa miezi kadhaa: manowari kubwa za Kiingereza hazikuweza kuingia. Ilibidi ziletwe Severn na Mersey, vyombo vya kina kifupi, ndipo ikaangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake kumi ilitolewa ikaburutwa bara kwa nguvu za watu, na vita ikaendelea kwa miaka. Pande zote mbili zilibebesha mizigo maelfu kwa maelfu ya Waafrika, na jina la Kariakoo, Dar es Salaam, linatokana na kikosi cha wapagazi cha Waingereza. Katika vita hiyohiyo Waingereza walimkamata Khalid na kumhamishia Seychelles na Saint Helena. Alifariki Mombasa mwaka 1927.

Nani aliandikwa

Leo mzinga mmoja wa Königsberg na mmoja wa Pegasus imewekwa pamoja katika ngome ya Mombasa, karibu na vitu vilivyotolewa katika Santo António de Tanná. Chuma kimehifadhiwa vizuri. Baadhi ya waliokufa katika Pegasus wamezikwa kisiwani Chapwani, mkabala na mji, na makaburi yao yanatunzwa. Hilo ni jema, na hatuwaonei wivu maiti.

Lakini wale wa kasri la 1896 tunao kwa tarakimu ya duara tu: "wapatao 500". Hatuna orodha yao. Askari wa Khalid, mpishi, mtumwa aliyeambiwa asimame mlangoni akasimama, baharia wa Kingazija au wa Kibaluchi aliyekuwamo ndani ya Glasgow, wote wameingia katika hesabu moja. Na kati yao, mtumwa ndiye ambaye hata sisi wenyewe hatukumwandika. Familia zetu nyingi zina shajara za wakubwa waliokuwapo siku ile. Zilizoweka majina ya watumishi wao ni chache.

Ndiyo maana tunawaomba wasomaji wetu jambo moja. Kama babu au bibi alikuambia jina la mtu aliyekufa au kujeruhiwa siku ile, liandike, pamoja na jina la aliyekusimulia na mwaka aliokusimulia. Ukiwa na barua, wasia au hati ya kadhi inayomtaja, piga picha. Usichague jina kwa nasaba: la mtumwa lina uzito uleule wa la bwana wake. Tutayapokea, tutayalinganisha na nyaraka zilizopo, na tutayachapa hata yakiwa matano.

Na ukiifungua tena albamu ile, waonyeshe watoto milingoti mitatu, uwaambie ni ya nini. Mwenyezi Mungu awarehemu wote waliotangulia.