Kurekodi ngoma nyumbani: maiki ipi ya bei nafuu inafaa?

Wasikilizaji wengi wenye vikundi vya ngoma hutuuliza swali moja: fedha yetu ni ndogo, tununue maiki gani ili ngoma yetu isikike vizuri redioni? Jibu fupi ni hili: maiki moja ya dainamiki inatosha. Iweke mbali kidogo na ngoma, kisha punguza kiwango cha kupokea sauti kabla ya kuanza. Jibu refu ndilo makala hii.

Swali hili si la mafundi peke yao. Chukua mfano wa muheme wa Wagogo hapa Dodoma. Wanaoipiga ni wanawake, na aghalabu anayeijua midundo ya zamani ni bibi mmoja au wawili kijijini. Wakichoka mikono, kitakachobaki ni kilichorekodiwa. Rekodi iliyopasuka haitangaziki, na hakuna programu ya kompyuta itakayoirudisha sawasawa na ilivyopigwa. Wahenga walisema ngoma ikilia sana hupasuka. Kwenye kurekodi, methali hiyo ni kanuni ya kazi.

Kwa nini ngoma ni ngumu kurekodi

Mtu anayezungumza kawaida, ukiwa umbali wa mita moja, hutoa sauti ya kama desibeli 60. Ngoma ikipigwa kwa nguvu, karibu na ngozi yake, inaweza kupita desibeli 110. Kila desibeli 10 zinapoongezeka, nguvu ya sauti huwa mara 10. Kwa hiyo tofauti ya desibeli 50 ni nguvu mara 100,000. Maiki iliyotengenezwa kwa mazungumzo huzidiwa hapo hapo.

Tatizo la pili ni ghafla ya pigo. Simu nyingi hujirekebisha zenyewe: sauti ikiwa ndogo huipandisha, ikiwa kubwa huishusha. Pigo la kwanza linapasuka, halafu simu inashusha kila kitu, na sauti ya mwimbaji inazama. Ngoma ikitulia, simu inapandisha tena na kuku wa jirani wanasikika kuliko kiitikio. Ukisikia rekodi inayopanda na kushuka kama mtu anayefungua na kufunga mlango, sababu ni hiyo.

Tatizo la tatu ni mvumo mzito wa ngoma kubwa. Spika ya simu ni ndogo na haiwezi kuutoa mvumo huo. Usiamue kwamba rekodi ni mbaya au nzuri kwa kuisikiliza kwenye spika ya simu. Tumia visikizi vya masikioni.

Aina za maiki utakazozikuta

Maiki ya simu yenyewe. Inafaa kwa kuweka kumbukumbu, na kama huna kingine usiache kurekodi kwa sababu hiyo. Iweke simu umbali wa mita 4 au 5, juu ya kiti au kigoda chenye kitambaa, na hakikisha kidole au kava havizibi tundu la maiki.

Maiki ya kubana kwenye kola. Hii ndiyo ya bei ndogo zaidi dukani. Mfano unaojulikana ni BOYA BY-M1, yenye waya wa mita 6 na betri ndogo ya LR44. Waya huo mrefu ni faida kubwa: maiki inakaa mbele ya wapigaji, wewe na simu mnakaa pembeni. Inapokea sauti kutoka pande zote, hivyo iweke umbali wa mita 2 au 3. Usiibane kwenye ngoma yenyewe. Kwenye kijisanduku chake kuna swichi yenye upande wa simu na upande wa kamera, nayo ikiwa upande usio wako utafikiri maiki ni mbovu.

Maiki ya dainamiki. Ndani yake kuna sumaku na koili ya waya, haihitaji betri, na inavumilia kelele kubwa, vumbi na kuangushwa. Shure SM57, iliyoanza kuuzwa mwaka 1965, hadi leo hutumika studio nyingi duniani kurekodi ngoma. Huko nje huuzwa takriban dola 100 za Marekani. Behringer XM8500 ni ya aina hiyo hiyo na bei yake ni ndogo zaidi, na kwa kikundi kinachoanza inafanya kazi. Maiki hizi hupokea zaidi sauti ya mbele na kupunguza ya nyuma, kwa hiyo uelekeze mgongo wake kwenye kelele usiyoitaka.

Kabla ya kununua, ulizia kanisani, msikitini, au kwa mwenye vyombo vya muziki wa harusi. Maiki nyingi za mkononi zilizoko huko ni za dainamiki. Kuazima kwa siku moja kunaweza kukuokolea fedha ya mwaka mzima.

Maiki ya kondensa. Hii inasikia mambo madogo: njuga miguuni, kiganja kinavyogusa ngozi, pumzi ya mwimbaji. Lakini inasikia pia upepo, pikipiki na jogoo. Nyingi zinahitaji umeme wa volti 48 unaopita kwenye waya wake, ambao mafundi huuita fantomu. Zile za bei ndogo zinazouzwa na kishikio cha mezani zimetengenezwa kwa mtu anayezungumza karibu, na mbele ya ngoma hupasuka upesi. Kondensa iwe maiki ya pili, isiwe ya kwanza.

Rekoda ndogo ya mkononi. Huu ni mfano wa chombo kinachojitosheleza. Zoom H1n ina maiki mbili ndani yake, hutumia betri 2 za AAA na kadi ya microSD, na inavumilia sauti hadi desibeli 120. Haihitaji simu wala kompyuta uwanjani. Kikundi kinachoweza kuchanga kama kwenye kikoba, na kinachorekodi mara kwa mara, kitapata faida zaidi hapa kuliko kununua maiki tatu za bei ya chini.

Jinsi ya kuunganisha

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Angalia pini ya milimita 3.5 ya maiki unayotaka kununua. Ikiwa na mistari 3 myeusi, imetengenezwa kwa simu. Ikiwa na mistari 2, ni ya kamera au kompyuta, na simu haitaisikia bila adapta. Simu mpya zisizo na tundu la visikizi zinahitaji adapta ya USB-C.

Maiki ya dainamiki haichomekwi moja kwa moja kwenye simu, kwa kuwa sauti inayotoa ni dhaifu mno. Inahitaji kifaa cha kuikuza. Kwa kompyuta kuna vijisanduku kama Behringer UM2. Kwa simu kuna iRig Pre, inayotumia betri ya volti 9. Kama umeazima mikisa ya vyombo vya harusi, muulize fundi kama ina tundu la kutolea sauti ya kurekodi. Jumlisha bei ya kifaa hiki na waya kwenye hesabu yako kabla ya kulipia maiki.

Mahali pa kuiweka

Ukiongeza umbali mara mbili, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6. Kusogeza maiki ni marekebisho ya bure, na mara nyingi yanashinda maiki ya bei kubwa.

Kwa kikundi cha muheme, wapange wapigaji nusu duara. Weka maiki mbele ya katikati, mita 2 hadi 3, kwenye usawa wa kifua. Kama ngoma moja inafunika nyingine, usiongeze maiki: mwombe mpigaji wake arudi hatua mbili nyuma. Mwimbaji kiongozi asogee mbele hadi maneno yasikike. Hivyo unapatanisha sauti kwa kusogeza watu.

Kwa ngoma moja pekee, anza na nusu mita kutoka ukingo wa ngozi, maiki ikielekea katikati. Ukitaka pigo la kiganja lisikike zaidi, sogea kwenye ngozi. Ukitaka mvumo, na ngoma iko wazi chini, sogeza maiki kuelekea tundu hilo. Msondo na chapuo za Pwani zinafuata kanuni hiyo hiyo.

Ukiwa na maiki mbili, kumbuka kwamba sauti husafiri kama mita 340 kwa sekunde. Ngoma moja ikifika kwenye maiki mbili kwa nyakati tofauti, mawimbi yanaweza kufutana na mvumo ukawa mwembamba. Umbali kati ya maiki na maiki uwe angalau mara 3 ya umbali wa kila maiki na ngoma yake.

Anayedhani maiki moja ni dalili ya umaskini akumbuke kazi ya Hugh Tracey, aliyezunguka Tanganyika mwaka 1950 akirekodi muziki wa wenyeji. Alitumia maiki moja, aliyoishika mkononi na kuisogeza kulingana na muziki. Rekodi zake zinasikilizwa hadi leo.

Uwanja, upepo na ngozi

Chumba cha saruji chenye bati hurudisha sauti na kuzichanganya. Nje ni bora, asubuhi na mapema kabla upepo haujaamka. Vika maiki sponji yake, au soksi safi. Ikibidi kurekodi ndani, tundika mablanketi ukutani na usimamishe godoro nyuma ya wapigaji.

Ngoma zikishaota moto na ngozi kukaza, ndipo upime sauti. Ngozi iliyolegea na iliyokaza hazilii sawa, na kipimo ulichofanya mapema hakitafaa tena.

Pima hivi: mwambie kila mmoja apige kwa nguvu zake zote kwa sekunde 10, si kwa adabu ya majaribio. Tumia programu inayoonyesha kiwango cha sauti na inayokuruhusu kukipunguza kwa mkono. Mapigo makubwa yaishie kati ya desibeli -12 na -6. Taa nyekundu ikiwaka hata mara moja, punguza. Sauti ndogo tunaweza kuikuza kituoni, iliyopasuka hatuwezi kuiponya.

Ukiwa dukani

Ijaribu maiki kwa simu yako mwenyewe kabla ya kulipa. Piga makofi karibu nayo, tikisa waya kwenye pini, kisha sikiliza kwa visikizi. Usivutwe na maandishi ya 20 hadi 20,000 hezi kwenye boksi: SM57 yenyewe inaanzia 40 na kuishia 15,000, na ngoma inazimudu. Kipimo cha maana ni kiwango cha juu cha sauti inachovumilia, kwa desibeli. Shure ni miongoni mwa maiki zinazoghushiwa sana, hivyo ukiuziwa kwa bei ya XM8500, kuwa na shaka. Chukua risiti.

Kabla ya kututumia

Rekodi kwa WAV, si MP3. Dakika moja ya WAV ya maiki moja, kwa kipimo cha biti 16 na hezi 48,000, ni kama MB 5.8, hivyo wimbo wa dakika 5 ni karibu MB 29. Ukiutuma WhatsApp, utume kama faili la nyaraka, kwa sababu ujumbe wa sauti hubanwa na kupoteza mvumo wa ngoma. Nakala ya asili ibaki kwenye kadi ya kikundi.

Mwanzoni mwa rekodi mtu mmoja ataje jina la ngoma, kijiji, tarehe na majina ya wapigaji. Tena waulize wazee kwanza. Baadhi ya nyimbo za jando na unyago si za hadhara, na mwenye haki ya kusema zitangazwe au zisitangazwe ni wenye ngoma, siyo mwenye maiki.

Kwa mpangilio wa fedha: ukiwa huna kitu, tumia simu na umbali. Ukiwa na kidogo, nunua maiki ya kubana yenye waya mrefu. Ukiongeza, nunua dainamiki na kifaa chake cha kukuza, au rekoda ndogo. Kondensa ije mwisho.