Jamaa ya Katanga: Kukutana Badala ya Kukariri

Neno *jamaa* halimpi taabu msemaji yeyote wa Kiswahili. Pwani humaanisha ndugu, watu wa ukoo, au hata mtu fulani tu asiyetajwa jina. Katika Kiswahili cha Katanga maana yake ya kawaida ni familia. Lakini tangu miaka ya 1950 neno hilo lilipata katika kambi za migodi maana nyingine, iliyowafurahisha mapadri kadhaa na kuwasumbua maaskofu wengi: Jamaa kama njia ya kuwa Mkristo.

Historia yake haiwezi kutenganishwa na Padri Placide Tempels (1906–1977), Mfransiska kutoka Ubelgiji aliyefika Kongo mwaka 1933. Kwa miaka kadhaa alifanya utume kati ya Wabaluba kama wamisionari wengine wa wakati wake. Katekisimu ilikuwa ya maswali na majibu, na mwongofu aliyekariri majibu bila kukosea alihesabiwa kuwa ameelewa. Tempels alieleza baadaye kwamba alichoka kuwa bwana wa kutoa amri na kuwafundisha watu asiowajua. Akaanza kuuliza. Tunda la kwanza la maswali hayo lilikuwa kitabu *La philosophie bantoue*, kilichochapishwa Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, mwaka 1945. Humo alidai kwamba kwa Wabantu kuwapo ni kuwa na nguvu ya uzima. Askofu Jean-Félix de Hemptinne, aliyeliongoza Kanisa la Katanga tangu 1910, alikipinga vikali, na Tempels alipokwenda Ubelgiji mwaka 1946 hakurudi hadi 1949.

Wasomi wa Afrika nao wamekikosoa kitabu hicho, ingawa kwa sababu nyingine kabisa. Paulin Hountondji wa Benin alionyesha kwamba kiliandikwa kwa ajili ya Wazungu, na kwamba Mbantu humo ni mtu anayejadiliwa, si mtu anayejadiliana. Lawama hiyo ni ya haki. Hata hivyo wanaoishia hapo husahau kwamba Tempels mwenyewe hakuishia kwenye kitabu.

Mwaka 1953 alihamia Kolwezi, akafanya kazi kati ya wafanyakazi wa mgodi wa Musonoi. Kampuni ya Union Minière ilikuwa imeanza, tangu mwishoni mwa miaka ya 1920, kuwaweka wachimbaji kambini pamoja na wake zao. Nyumba, posho, shule na zahanati vyote vilitoka mkononi mwake, na misheni ilishirikiana nayo. Mtu mzima aliishi humo kama mtoto anayelelewa. Ni kwa watu hao padri alikwenda, akakaa na wanaume pamoja na wake zao, akawauliza binadamu hutamani nini kupita yote. Majibu aliyakusanya katika maneno matatu: *uzima*, *uzazi*, *mapendo*. Kisha akawaambia kwamba Injili haisemi jambo jingine.

Uzito wa hatua hiyo si mdogo. Katekisimu iliyokaririwa ilianza na Mungu ikamshukia mtu. Jamaa ilianza na shauku ya mtu ikamtafuta Mungu ndani yake. Walioingia waliitwa *baba* na *mama*, na mke hakuwa mfuasi wa nyuma ya mume: wawili hao waliingia pamoja au hawakuingia. Jozi moja ilisemwa ‘kuizaa’ jozi nyingine kiroho, na padri naye aliweza kuzaliwa hivyo na waumini wake. Mchimbaji ambaye mgodini aliamriwa tangu asubuhi hadi jioni akawa, jioni hiyo hiyo, baba wa padri.

Hapa mwanaisimu ana jambo la kutazama. Wanajamaa walisema *umuntu* pale ambapo Kiswahili sanifu kingesema *utu*, na *mawazo* yalichukua nafasi ambayo vitabu vya dini viliipa *roho* au *neema*. Lugha hiyo ilikuwa Kiswahili cha kambini, ambacho wamisionari wengi walikiona kibovu. Wachimbaji walikuwa wametoka Kasai, Luapula, Ruanda-Urundi na kwingineko. Kiswahili hakikuwa cha kabila lao, na pengine ndiyo maana kiliweza kuwa chao wote.

Kolwezi haikuwa peke yake. Msafiri atokaye Lubumbashi kwenda kusini-mashariki hufika Mokambo, kituo cha mpakani, na ng’ambo yake ni migodi ya Mufulira, ambako Kibemba hushika nafasi ya Kiswahili. Upande huo wa mpaka, huko Ndola, Wakristo Waafrika waliotoka misheni mbalimbali waliunda kanisa la pamoja mwaka 1925 bila kumsubiri mmisionari. Mashirika ya misheni yaliwafuata kwa ushirika wao wenyewe mwaka 1936. Huko kilichovukwa ni ukuta kati ya madhehebu. Katanga, ukuta kati ya padri na muumini. Wa pili ulikuwa mgumu zaidi.

Lakini Jamaa nayo ilijijengea ukuta. Johannes Fabian, aliyefanya utafiti kati yao mwaka 1966 na 1967 na kutoa kitabu mwaka 1971, alikuta *mafundisho* yaliyokwisha kupata umbo, njia tatu za kupitia moja baada ya nyingine, na mambo ambayo asiyeingia hakuambiwa. Kilichoanza kama swali kilikuwa kimepata majibu yake ya kukariri. Siri ikazaa uvumi juu ya wazazi na watoto wa kiroho, na kundi lililojulikana kama Katete likawapa wapinzani silaha waliyoitafuta. Tempels alikuwa amekwisha kuondoka Kongo mwaka 1962. Mwaka 1973 maaskofu wa Zaire walitoa tamko dhidi ya mafundisho ya Jamaa, na wanajamaa wakalazimika kuchagua kati ya Kanisa na kikundi chao.

Uchaguzi huo ulikuwa mchungu, kwa kuwa Wanajamaa hawakuwahi kujiona kanisa lingine. Walioendelea peke yao walifanya hivyo bila sakramenti walizozipenda. Wengine walinyamaza. Fabian aliporudi Lubumbashi mwaka 1986 aliwakuta baadhi yao katika vikundi vya sala vya karismatiki, wakiombea wagonjwa, huku wakiitana bado baba na mama.