Walio Hai na Wafu wa Pyeongtaek

Nilitazama Squid Game mwishoni mwa 2021, kwenye kompyuta ya rafiki, katika chumba cha hosteli ambacho tayari nilijua muhula ujao hakitakuwa changu. Karo ilikuwa imenishinda. Nilikuwa na mikopo mitatu ya simu, mmoja nikiutumia kulipa mwingine, na kila asubuhi nilipata ujumbe wa kunikumbusha deni, adabu yake ikipungua siku baada ya siku. Kwa hivyo Seong Gi-hun alipokubali kuzabwa makofi na mtu asiyemjua katika kituo cha treni ili aondoke na noti chache, wenzangu walicheka. Mimi nilinyamaza.

Tangu hapo nimesikia ubishi uleule kila mahali. Kuna wanaosema ni sinema tu, chumvi imezidi. Kuna wanaosema ndivyo tunavyoishi, tofauti ni kwamba sisi hatuvai zile tracksuti za kijani. Kusema kweli, pande zote mbili zinanichosha, kwa sababu hakuna anayeuliza hadithi yenyewe ilitoka wapi. Nilipoacha chuo nilikuwa na muda mwingi na bando kidogo, nikaanza kusoma.

Hwang Dong-hyuk alianza kuiandika mwaka 2008, mambo yakiwa magumu kwake. Yeye, mama yake na nyanya yake walikuwa wanaishi kwa mikopo. Alizungusha wazo hilo kwa takriban miaka kumi bila kupata mtu wa kuliwekea pesa. Katikati ya miaka hiyo, nchini mwake, kulitokea kisa ambacho baadaye kiliingia kwenye tamthilia. Katika sehemu ya tano, Gi-hun anakumbuka mgomo katika kiwanda cha magari alichofanyia kazi, na mwenzake aliyekufa mbele ya macho yake. Kiwanda hicho kimepewa jina la kubuni. Hwang mwenyewe amesema alikuwa akifikiria SsangYong.

Hapo lazima turudi nyuma kidogo. Mwishoni mwa 1997 Korea Kusini iliishiwa na dola ikakimbilia IMF. Wakorea hadi leo huita kipindi hicho "wakati wa IMF", kama vile wazee wetu wanavyotaja mwaka wa njaa. Watu walipanga foleni kutoa pete zao za harusi ziyeyushwe kulipa deni la taifa, na zikapatikana takriban tani 227 za dhahabu. Lakini Februari 1998 kukaja kitu kilichodumu kuliko dhahabu: sheria ilibadilishwa, mwajiri akaruhusiwa kuwafuta watu kwa wingi kwa sababu za kibiashara. Kabla ya hapo, kazi ya kiwandani ilikuwa ndiyo maisha. Ukiingia umeingia.

SsangYong Motor ilinunuliwa na kampuni ya Kichina, SAIC, mwaka 2004. Januari 2009 ikaenda mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai wake. Mpango wa kuiokoa ulikuwa na nambari ndani yake: wafanyakazi 2,646 waondoke. Tarehe 22 Mei wagomaji walijifungia ndani ya kiwanda huko Pyeongtaek, kusini mwa Seoul, wakakaa humo siku 77. Maji yalikatwa. Chakula kilizuiwa. Helikopta za polisi zilimwaga dawa ya vitoa machozi juu ya mapaa, nao wakajibu kwa manati, wakirusha nati na bolti zilezile walizokuwa wakifungia magari. Mwanzoni mwa Agosti makomando waliinuliwa kwa kreni wakiwa ndani ya makontena, wakashushwa paani. Tarehe 6 mgomo ukaisha.

Kuna jambo moja katika kisa hicho ambalo lilinifanya niweke simu chini. Orodha ya majina ilipotoka, wafanyakazi wenyewe walianza kuitana kwa majina mawili. Aliyebaki kazini aliitwa aliye hai. Aliyefutwa aliitwa mfu. Hao walio hai wakatolewa nje kuandamana dhidi ya wafu, wakapambana nao getini, watu waliokula meza moja miaka kumi. Kwa nini? Kwa sababu waliambiwa kwamba wafu wasipotoka, kiwanda kitakufa na kila mtu.

Huo ndio mchezo wenyewe, na hakuna mwandishi aliyeubuni. Kwa hivyo nikiulizwa kama tamthilia inasema kweli, najibu kwamba pale inapoonyesha maskini wawili wakiangaliana na kuhesabu nani aanguke, haijatia chumvi hata punje. Pia ile kura ya sehemu ya pili. Wachezaji wanaachwa waende nyumbani, na kati ya 201, watu 187 wanarudi wenyewe. Hakuna aliyewafunga kamba. Mwenye deni anaelewa.

Ila kuna mahali inatudanganya, tena si kidogo. Inawapa matajiri vinyago vya dhahabu na viti vya kifahari, wakunywe pombe huku wakitazama. Pyeongtaek hakukuwa na kinyago. Kulikuwa na wahasibu, hakimu, na karatasi. Na kifo katika tamthilia ni cha haraka, risasi moja, sanduku lenye utepe. Wafu wa SsangYong walikufa polepole, wengi baada ya kamera kuondoka: kujiua, moyo kusimama, wengine wake zao. Kufikia 2018 chama chao kilikuwa kimehesabu vifo 30. Sioni nani angelipa kutazama hilo kwa sehemu tisa.

Halafu likaja deni. Mwishoni mwa 2013 mahakama iliwaamuru wagomaji wailipe kampuni na polisi takriban woni bilioni 4.7 kwa hasara ya mgomo. Ukiweka kando ya zawadi ya Squid Game, woni bilioni 45.6, ni kama sehemu ya kumi.

Mama mmoja alisoma habari hiyo akatuma woni 47,000 kwa jarida la SisaIN, kama shilingi zetu elfu nne za wakati ule. Hesabu yake ilikuwa rahisi: wakipatikana watu 100,000 wa kutoa hivyo, deni limeisha. Michango ikaanza kumiminika, na kampeni ikaitwa bahasha ya manjano, kwa kuwa zamani mishahara ya Korea ilitiwa ndani ya bahasha za rangi hiyo. Septemba 2018 kampuni ilikubali kuwarudisha wafu 119 waliokuwa bado wanasubiri. Novemba 2022 Mahakama ya Juu ikakataa hukumu iliyowapa polisi fidia, ikasema kupinga helikopta zile kungeweza kuwa kujitetea. Squid Game ilikuwa imeshatazamwa dunia nzima mwaka mmoja kabla.

Mikopo yangu miwili nimeimaliza. Wa tatu bado wananitumia ujumbe.