Barabara Zisizofika Popote

Ukipanda vilima vya magharibi mwa Ireland, pande za Clare au Mayo, unaweza kukuta barabara ya mawe imejengwa vizuri tu, halafu ghafla inakatika. Mbele hakuna nyumba, hakuna shamba. Sasa nani alihangaika kuijenga, na kwa nini?

Tuanze na njia za kawaida. Kwa Kiayalandi barabara ni *bóthar*, neno linalotokana na *bó*, yaani ng'ombe. Maandishi ya kale yanapima upana wake kwa ng'ombe wawili: mmoja amesimama kwa urefu, mwingine amekingama. Kijia cha kwenda shambani ni *bóithrín*. Ile *-ín* ya mwishoni inafanya kazi kama *ki-* yetu. Njia hizi zilitokana na miguu. Watu na mifugo walipita, njia ikabaki.

Zile za mlimani ni habari nyingine. Mwaka 1845 uliingia ugonjwa wa baka jani chelewa, huuhuu unaowasumbua wakulima wa viazi wa Njombe na Limuru. Maskini wengi wa Ireland waliishi kwa viazi, na mwaka 1846 karibu zao lote likaoza. Serikali ya Uingereza, iliyokuwa ikiitawala nchi hiyo, haikutaka kugawa chakula bure: mwenye njaa afanye kibarua kwanza. Tena kazi yenyewe isimnufaishe mwenye shamba fulani peke yake. Basi zikachongwa barabara, hata pasipohitajika. Kufikia Machi 1847, zaidi ya watu 700,000 walikuwa kwenye kazi hizo, wanawake na watoto wakiwemo, wakiponda kokoto kwenye baridi kali.

Hebu piga hesabu. Wengi walilipwa kwa kipande. Mwenye njaa hana nguvu, kwa hiyo anaponda kidogo na kulipwa kidogo, huku bei ya nafaka ikipanda. Mwili unatumia nguvu nyingi kuliko inazopata. Kazi ya kuwaokoa ikawa inawamaliza.

Mwaka huohuo serikali ikafunga kazi hizo na kufungua majiko ya supu ya bure. Kiangazi yakalisha takriban watu milioni 3 kwa siku, kisha nayo yakafungwa. Hadi njaa inaisha, watu kama milioni 1 walikuwa wamekufa.

Kwa hiyo ukifika pale barabara inapokatika, usidhani fundi alipotea. Hapo ndipo ujira ulipokoma.