Kubadilisha feni ya rejeta iwe ya umeme

Feni ya rejeta inayozungushwa na injini hufuata kasi ya injini. Gari likikwama kwenye foleni ya feri ya Likoni saa nane mchana, injini huzunguka polepole, feni nayo hulegea, na joto hupanda. Feni ya umeme haitegemei kasi ya injini. Huwashwa na swichi ya joto, mara nyingi maji yakifika nyuzi 90 hadi 95, na huzimwa yakipoa.

Kwanza hakikisha rejeta haijaziba, kwani feni mpya haitibu rejeta mbovu.

Feni ya zamani ikitolewa, mkanda ubaki. Katika magari mengi ndio unaozungusha pampu ya maji na alternata. Feni ikifungwa nyuma ya rejeta, upande wa injini, ivute hewa; ikifungwa mbele, isukume. Umeme utoke kwenye betri kwa waya mnene, kupitia fyuzi na rilei. Swichi ya joto iamshe rilei tu. Ukiibebesha mzigo wote wa feni, itaungua.

Usitoke gereji kabla ya kuliacha gari likinguruma pale pale hadi feni iwake na kuzima yenyewe. Na ukishaingia barabarani, macho yasiihame geji ya joto: fyuzi ikikatika, feni husimama kimya, na dereva huja kujua gasketi ya silinda imeshaungua.