Uvuvi wa mchezo Watamu na Malindi: upepo ndio unaamua

Kwa wale wamezoea sambaza na ndagala, uvuvi wa Watamu na Malindi, pwani ya Kenya, ni jambo ingine kabisa: mtalii analipa mashua nzima ili apigane na samaki mmoja. Wakati wa kaskazi, kuanzia Novemba mpaka Machi, bahari inatulia, maji yanapata moto, na mbasi, mwenye pezi kama tanga, anakaribia. Kusi ikikaza, Juni na Julai, mashua nyingi zinatia nanga. Mbasi wengi wanachomekwa alama yenye nambari, kisha wanarudishwa majini wakiwa hai, wataalamu wajue wanakotembea. Mvuvi wa ngalawa, ambaye samaki huyo ni chakula na feza ya minervali, ana haki ya kushangaa.