SEHEMU YA 4: Akina mama wa Gondar waliotembea hadi Sudan

Mtoto akishalala, kaa hapa tuendelee.

Sehemu zilizopita tuliona Waisraeli wakichukuliwa mateka kwenda Babeli, kisha Wayahudi wakifukuzwa Hispania mwaka 1492. Leo tunarudi Afrika, jirani kabisa: Ethiopia.

Kaskazini mwa nchi ile, Gondar na Tigray, waliishi kwa karne nyingi watu wanaojiita Beta Israel, yaani Nyumba ya Israeli. Majirani waliwaita Falasha, kama kusema wageni wasio na kwao. Jina hilo wenyewe hawalipendi. Walikuwa wakulima, wahunzi na wafinyanzi. Walishika Sabato, walisoma Torati kwa lugha ya Ge'ez na kuiombea Yerusalemu.

Mwanamke akijifungua alikaa pembeni kwenye kibanda chake, siku 40 kwa mtoto wa kiume na siku 80 kwa wa kike. Hesabu hiyo inatoka Walawi sura ya 12. Sisi wenye arobaini zetu tunaelewa vizuri tu.

Mwaka 1975 Israeli iliwakubali kuwa Wayahudi wenye haki ya kuhamia huko. Shida ikawa moja: serikali ya Mengistu haikuwaruhusu kutoka. Na nchi ilikuwa na vita, halafu ikaja njaa kubwa ya mwaka 1984. Basi maelfu wakashika njia kwa miguu kwenda Sudan, wakitumaini kupata usafiri huko. Walitembea usiku kukwepa askari na majambazi, mtoto mgongoni, mwingine mkononi, wiki kwa wiki.

Walipofika kambini hawakupumzika. Ilibidi wafiche kwamba ni Wayahudi, na kungoja miezi mingi. Inakadiriwa watu 4,000 walikufa njiani na kambini.

Hapa naomba niongee kama nesi. Kambini mtoto hauawi na njaa peke yake. Njaa inafungua mlango, kisha wanaingia wengine: surua, kuhara, nimonia, malaria. Surua inaruka haraka sana watu wakibanana. Mtoto aliyeshiba na mwenye chanjo ana nafasi kubwa ya kushinda. Mtoto aliyetembea wiki tatu kwa kula kidogo, hana akiba mwilini. Na kuhara kunamaliza maji ya mtoto mchanga kwa saa chache tu. Ndiyo maana kliniki tunawasumbua na chanjo na ORS. Sio ukorofi wetu, jamani.

Tarehe 21 Novemba 1984 ndege zilianza kuwachukua kwa siri kutoka Sudan, zikipitia Ubelgiji. Zoezi lile liliitwa Operesheni Musa. Habari zikavuja, na tarehe 5 Januari 1985 Sudan ikasimamisha safari. Karibu watu 8,000 walikuwa wameshafika Israeli.

Sasa fikiria waliobaki. Kuna mama aliyefika Israeli huku watoto wake wako Ethiopia. Kuna kijana aliyefika peke yake, wazazi hawajui kama yu hai. Familia nyingi zilikaa hivyo kwa miaka 6. Mtoto uliyemwacha ananyonya, unamkuta anaenda shule.

Mwezi Mei 1991 Mengistu alikimbilia Zimbabwe, na waasi walikuwa wanakaribia Addis Ababa. Tarehe 24 na 25 Mei, kwa saa 36 tu, watu zaidi ya 14,000 walirushwa kwenda Israeli. Hiyo ndiyo Operesheni Sulemani. Viti viling'olewa ili nafasi itoshe, na ndege moja ilibeba zaidi ya watu 1,000. Wapo wanawake waliojifungua humo humo angani. Wakunga wenzangu, mnaweza kujiuliza taa ilikuwa wapi na maji ya moto yalitoka wapi!

Lakini kufika sio kumaliza. Mwaka 1996 iligundulika kwamba damu waliyochangia Waethiopia hawa ilikuwa inamwagwa kimya kimya kwa hofu ya virusi vya UKIMWI. Maelfu waliandamana Yerusalemu. Kitaalamu, damu hupimwa chupa kwa chupa, ya kila mtu. Kumwaga ya kabila zima bila kuwaambia ni kuwaambia nyie bado wageni. Neno lile lile la Gondar, ila limesemwa na ndugu.

Kwa hiyo mama, mambo mawili ya kuondoka nayo leo. La kwanza, ukihama, hata kama ni mkoa kwa mkoa, kadi ya kliniki ya mtoto ikae kwenye mkoba wako wa mkononi, sio kwenye mizigo ya lori. La pili, mtaani kwako yupo mama aliyehamia juzi. Hajui kliniki iko wapi, hana wa kumshikia mtoto akapike. Mpitie kesho. Usingoje akuombe.

Sehemu ya 5 tutaongelea watoto waliopandishwa treni bila wazazi wao kwenda Uingereza, mwaka 1938 na 1939. Andaa kitambaa cha machozi. Usiku mwema, na hakikisha neti imechomekwa vizuri.